Pua ikigoma kona, usikimbilie kurekebisha mkia

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Kigoma, sasa naishi Des Moines, Iowa. Mwaka huu nimenunua gari la rimoti la mbio za mviringo kwenye udongo, leti modeli (aina ya gari la mbio za udongo) ya kipimo cha 1/10, lililotumika kidogo, mota ya 17.5 (ndiyo mizunguko ya waya ndani yake), betri ya lipo ya seli 2. Jioni uwanja ukiwa bado na unyevu linakwenda vizuri. Ikifika fainali udongo umeshakauka, na nikiingia kona pua inanyooka kuelekea ubao wa nje, halafu nikibana triga ili nitoke, mkia unachomoka na gari linageuka nyuma mbele. Jumamosi iliyopita nilibadili springi za nyuma, nikafunga tairi laini zaidi nyuma, nikatia mafuta mazito kwenye shokapu zote, na jamaa mmoja akanishauri nikaze springi ya nyuma kushoto, nikaikaza. Likazidi kuharibika. Mwenzangu mmoja alilipima na mizani: mbele kushoto gramu 380, mbele kulia 350, nyuma kushoto 490, nyuma kulia 380. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa Jumamosi hiyo. Umefanya jambo moja la maana kuliko unavyodhani: umeniletea uzito wa pembe zote nne. Maswali mengi ninayopata ni "gari langu linateleza, nifanyeje?" na hapo mtu anabaki kupiga ramli. Wewe umenipa kitu cha kushika.

Nianze na lile ambalo nadhani ndilo kiini. Unaona magonjwa mawili, pua inayogoma wakati wa kuingia na mkia unaochomoka wakati wa kutoka. Mimi naona ugonjwa mmoja, ule wa pua. Mkia ni dalili yake. Fuatilia kinachotokea: unaachia triga, unapinda usukani kushoto, tairi za mbele hazishiki, gari linakwenda nje. Kidole kinafanya kile ambacho kidole cha kila mtu hufanya, kinaongeza usukani. Tairi za mbele sasa zimepindwa kupita pembe ambayo zingeweza kushika, kwa hiyo zinaburuzika tu kama jembe. Kuburuzika huko kunapunguza mwendo, na mwendo ukishapungua kiasi, ghafla tairi za mbele zinapata mshiko, huku zimepindwa hadi mwisho. Na ni wakati huohuo ambapo wewe, kwa kuona umechelewa, unabana triga. Pua inakatwa kushoto kwa nguvu, tairi za nyuma zinatakiwa kusukuma mbele na kuzuia gari lisiende pembeni kwa mara moja, na haziwezi yote mawili. Mkia unakwenda.

Ndiyo maana kila ulichofanya Jumamosi kilizidisha tatizo. Tairi laini nyuma, springi nyingine nyuma, kukaza nyuma kushoto: vyote vilikuwa vya kuipa nyuma mshiko. Nyuma ikipata mshiko zaidi ya mbele, inaisukuma pua nje zaidi. Pua ikienda nje zaidi unaongeza usukani zaidi, na inaposhika inashika kwa ukali zaidi. Ulikuwa unalisha ugonjwa ukidhani unautibu.

Usiniamini kwa maneno tu. Mpe mtu simu asimame ndani ya kona ya tatu na ya nne, akurekodi polepole, kisha tazama tairi za mbele katika ile nukta mkia unapoachia. Zikiwa zimepinda kushoto hadi mwisho, basi ni hili ninalokwambia. Zikiwa zimenyooka au karibu kunyooka, na mkia bado unachomoka ukigusa triga, hapo kweli nyuma yako ni dhaifu na jibu langu lingekuwa jingine. Kwa maelezo yako nina hakika kubwa ni la kwanza, lakini video ya sekunde kumi inamaliza ubishi.

Sasa, kabla ya kushika chochote kipya, rudisha vyote vya Jumamosi. Springi zile za mwanzo, tairi zile za mwanzo, mafuta yale ya mwanzo. Najua inauma kutupa kazi ya usiku mzima, ila ukibadili vitu vinne kwa pamoja hujui kipi kimeponya na kipi kimeua, na ukianza kurekebisha juu ya hapo unajenga juu ya mchanga. Rudi pale ambapo gari angalau ulikuwa unalijua.

Ukiwa umelifungua, kagua uzima wake kama fundi anavyokagua gari la abiria. Ondoa springi kwenye shokapu zote, kisha inua kila mkono wa gari, ule unaoshika tairi, kwa kidole na uuachie. Uanguke wenyewe bila kukwama popote. Zungusha kila tairi usikilize beringi. Tikisa tairi za mbele kushoto na kulia uone kuna mchezo kiasi gani kwenye vifundo na kwenye sevo, ile mota ndogo inayopinda usukani. Tazama kama tairi imeachia gundi kwenye rimu. Nina sababu ya kulisisitiza hili: hapa Ohio niliwahi kupoteza kiangazi kizima nikifukuza gari lililokuwa zuri katika mbio moja na baya katika mbio inayofuata. Nilibadili kila kitu kinachobadilika. Mwishowe niligundua kwamba fimbo ya shokapu ya mbele kushoto ilikuwa imepinda kidogo sana, huoni kwa macho mpaka uiviringishe juu ya kioo. Ilikuwa inakwama ikishuka kiasi fulani, na uzito unabaki pale ulipokwama. Wiki zote zile nilikuwa napima gari ambalo kila mara lilinipa jibu tofauti.

Likishakuwa zima, tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo gari lako linapozungumza.

Jumlisha: 380, 350, 490 na 380 ni gramu 1,600. Upande wa kushoto una 870, yaani asilimia 54.4. Nyuma pia 870, asilimia 54.4. Hayo mawili hayanitishi hata kidogo. Gari linalokata kushoto tu siku zote hupendelea uzito kushoto, kwa sababu kwenye kona uzito unahamia kulia, na ukianza na akiba kushoto tairi zote nne zinaendelea kufanya kazi. Namba ya tatu ndiyo inayoniambia jambo: mbele kulia ukijumlisha na nyuma kushoto, yaani ule mshazari, unapata 840. Hiyo ni asilimia 52.5.

Kuelewa mshazari, fikiria kitanda cha miguu minne juu ya sakafu. Ukichomeka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, mguu huo unabeba zaidi, na mguu ulio mkabala nao kwa mshazari nao unabeba zaidi. Ile miwili mingine inakuwa myepesi, hata unaweza kuichezesha. Springi ya nyuma kushoto uliyoikaza ndicho kile kipande cha ubao. Uliiongezea uzito nyuma kushoto, lakini bila kukusudia ukaiongezea pia mbele kulia, na ukazinyang'anya mbele kushoto na nyuma kulia.

Angalia pia jambo ambalo watu wengi hulikosa: kuweka ubao chini ya mguu hakuhamishi godoro. Ukikaza springi yoyote utakavyo, jumla ya kushoto itabaki 870 na jumla ya nyuma itabaki 870, tofauti ni ya kupuuzwa. Springi hubadili mshazari tu. Ukitaka kubadili uzito wa kushoto au wa nyuma, lazima uhamishe kitu chenye uzito: betri, kidhibiti mwendo, vipande vya madini ya risasi. Betri ya gramu 280 ukiisogeza mbele milimita 10, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana milimita 280, unahamisha gramu 10 kutoka nyuma kwenda mbele. Hesabu hiyo ikusaidie kuona kwamba kusogeza betri kidogo si jambo dogo, wala si la ajabu.

Kwa nini asilimia 52.5 inaisukuma pua? Kwa sababu ya tabia ya mpira wenyewe. Tairi ukiliongezea uzito linashika zaidi, lakini si kwa kadiri ileile. Ukilibebesha mara mbili, mshiko haufiki mara mbili. Kwa hiyo tairi mbili za ekseli moja zinazogawana mzigo karibu sawa hushika vizuri kuliko mbili ambazo moja imeelemewa na nyingine inaning'inia. Chukua gari lako, tuseme kwa mfano kwamba ndani ya kona gramu 100 zinahama kutoka kushoto kwenda kulia mbele, na 100 nyingine nyuma. Nyuma ulikuwa na 490 na 380, sasa una 390 na 480: tofauti ya 90 tu, zinagawana vizuri, zinashika. Mbele ulikuwa na 380 na 350, sasa una 280 na 450: tofauti ya 170. Mbele kulia imeelemewa, mbele kushoto inakwangua udongo. Hiyo ndiyo pua yako inayogoma, imeandikwa kwenye mizani kabla gari halijaingia uwanjani.

Mimi ningekushusha hadi asilimia 50. Maana yake ni kuondoa gramu 20 nyuma kushoto na 20 mbele kulia, na kuziongeza mbele kushoto na nyuma kulia. Utapata 400 mbele kushoto, 330 mbele kulia, 470 nyuma kushoto, 400 nyuma kulia. Rudia ile hesabu ya kona: mbele 300 na 430, nyuma 370 na 500. Tofauti ni 130 mbele, 130 nyuma. Mfano huu ni wa mezani, uwanjani uzito hauhami kwa usawa mzuri namna hiyo, lakini unaona mwelekeo wa kwenda.

Namna ya kufanya ina adabu yake. Usilegeze ile springi ya nyuma kushoto peke yake, kwa sababu utaishusha pembe hiyo na kimo cha gari kitabadilika. Legeza kola (ile pete ya shokapu inayobana springi) ya nyuma kushoto na ya mbele kulia kidogo, kisha kaza ya mbele kushoto na ya nyuma kulia kiasi hichohicho. Robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukipima kila mara. Kimo kinabaki palepale, mshazari tu unashuka.

Na kupima kwenyewe: mizani minne ya jikoni ya dijitali inatosha, mradi yote inalingana. Ipime kwanza kwa kitu kimoja, ukiweka kitu hicho juu ya kila mzani. Iweke juu ya kioo au kaunta iliyonyooka, ihakikishe kwa pima maji. Gari liwe kama litakavyokimbia: betri ndani, bodi juu, tairi zilezile za mbio, usukani umenyooka. Lisukume chini mara kadhaa kwa mkono ili shokapu zitulie, soma, linyanyue, lirudishe, soma tena. Usomaji mara tatu ukitofautiana zaidi ya gramu tano au sita, kuna kitu kinakwama, rudi kwenye ukaguzi. Kama gari lina fimbo ya kuzuia kuinama, fungua upande mmoja wa fimbo hiyo wakati wa kupima.

Nimesema tairi zilezile za mbio kwa sababu tairi lenye kipenyo kikubwa linainua pembe yake, na hilo ni sawa na ubao chini ya mguu wa kitanda. Wewe ulifunga tairi laini mpya nyuma. Ulizipima kipenyo? Huenda mshazari wako ulibadilika hata kabla hujagusa kola.

Hapo tunaingia kwenye tairi, na ningependa ukae hapa muda mrefu, kwa sababu kwenye udongo tairi lina nguvu kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Mshazari wa asilimia mbili hauwezi kuokoa tairi lisilofaa.

Udongo wenye unyevu ni laini, meno marefu ya tairi yanachimba ndani na kupata pa kushika. Ukikauka na kung'arishwa na magari, unakuwa mgumu kama sakafu, wenye vumbi jepesi juu. Meno marefu hayana pa kuchimba tena, yanapinda tu, na gari linaelea juu yake. Uwanja huo unataka meno mafupi, mpira laini, na eneo kubwa linalogusa chini. Watu wengi hubeba somo hili kwa tairi za nyuma tu, wakaziacha za mbele zilezile kuanzia mazoezi hadi fainali. Umefanya hivyo wewe pia: nyuma ulilainisha, mbele ukaacha. Ningekuwa wewe, ningefanya kinyume. Nyuma rudisha za mwanzo, na fainali ifungie mbele tairi zenye meno yaliyopungua, hasa kulia. Zile za mbele ulizokimbilia wiki kadhaa mpaka meno yakafupika zinaweza kuwa ndizo bora zaidi ulizonazo kwa uwanja mkavu, kwa hiyo usizitupe. Ila angalia kingo: jino lililopoteza makali kwa upande mmoja linaweza kugeuzwa kwa kulihamishia tairi upande wa pili. Kabla ya kila mbio zifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Dawa za kulainisha mpira, fuata sheria ya uwanja wako. Pengine zinaruhusiwa, pengine hapana.

Kuna hili la tofauti ya ukubwa kati ya tairi mbili za nyuma, ambalo hapa Marekani wanaliita stega. Kulia likiwa kubwa kuliko kushoto, ekseli inataka kuviringika kwenda kushoto yenyewe, kama kikombe cha kahawa ukikilaza mezani kikasukumwa. Unaweza hata kupiga hesabu ya duara inalotaka: upana kati ya tairi mbili, mara kipenyo cha lile dogo, gawanya kwa tofauti ya vipenyo. Tairi zikiwa zimeachana milimita 220, kushoto 82 na kulia 84, unapata milimita 9,020, duara lenye nusu kipenyo cha mita 9. Tofauti ikiwa milimita 4, mita 4 na nusu. Lakini duara hilo ni la ekseli iliyofungwa kabisa. Gari lako lina difu, na difu inaruhusu kila tairi lizunguke kwa kasi yake, kwa hiyo unapata sehemu tu ya faida hiyo, kadiri difu ilivyokazwa. Ninachotaka kwako ni kidogo: pima. Tairi lililotumika zaidi, ambalo limepungua, liwe kushoto. Nimewahi kuona gari ambalo jipya lilikuwa kushoto na kuukuu kulia, milimita moja na nusu kinyume, na mwenyewe anashangaa kwa nini linataka kwenda kulia.

Kwa kuwa uko Des Moines, una bahati ambayo wengi hawana. Knoxville iko chini ya saa moja kwa gari kutoka kwako, kusini mashariki, na uwanja wake wa nusu maili ndio unaoandaa mashindano makubwa ya Agosti ya magari ya sprinti (aina nyingine ya magari ya mbio za udongo), yaliyoanza 1961. Nenda usiku mmoja, kaa karibu na kona, usitazame nani anaongoza. Tazama udongo: mweusi na mzito mwanzoni, halafu unapauka, halafu unang'aa. Tazama jinsi madereva wanavyohama njia kutafuta unyevu uliobaki juu, karibu na ukuta. Na tazama tairi la nyuma kulia lilivyo kubwa kuliko mwenzake. Magari yale hayana difu, ekseli ya nyuma ni moja iliyofungwa, kwa hiyo stega kwao inafanya kazi yote. Mimi niko karibu na Eldora, uwanja uliojengwa 1954 huku Ohio, na nimejifunza mengi kwa kusimama tu pale ukutani saa nne za usiku, udongo ukiwa umebadilika kabisa na ule wa saa moja.

Tuendelee. Kemba, ule mlalo wa tairi la mbele ukilitazama kutoka mbele, ina kazi kubwa kwenye kulia. Kwa sababu gari linainamia kulia, tairi la mbele kulia liegemee ndani kwa juu; mimi huanzia nyuzi 4 hasi. La mbele kushoto lifanye kinyume, juu liegemee nje, nyuzi 1 au 2 chanya, ili yote mawili yaelekee kushoto. Namba hizi ni za kuanzia tu. Mwamuzi ni tairi lenyewe: baada ya mizunguko kumi litazame lilivyochafuka na lilivyolika. Likilika ukingo wa nje, ongeza kemba hasi nusu nyuzi. Likilika ndani, punguza. Lile la kulia ndilo linalobeba pua yako, kwa hiyo hakikisha linagusa chini kwa upana wake wote. Tairodi, vile vijiti vinavyounganisha usukani na tairi, ziweke tairi za mbele zikiachana kidogo sana kwa mbele, nyuzi moja inatosha, pua itaitikia haraka zaidi unapoanza kupinda.

Springi: kama baada ya mshazari na tairi bado pua inagoma, lainisha ya mbele kulia hatua moja. Ikiwa laini, ekseli ya mbele haizuii sana gari kuinama, mzigo wa kona unahamia sehemu kubwa nyuma, na tairi za mbele zinagawana vizuri zaidi. Lakini tega sikio hapa. Springi laini ukiifunga na kola ikabaki palepale, pembe ile inashuka, na mshazari unashuka nao. Umebadili vitu viwili ukidhani umebadili kimoja. Kila ukibadili springi rudisha kimo, kisha rudisha uzito kwenye mizani ulivyokuwa. Ndipo uende uwanjani ukajue springi yenyewe imefanya nini. Nadhani nusu ya mabishano yanayozuka uwanjani kuhusu springi hutokana na watu wawili waliobadili springi moja, mmoja akarudisha kola na mwingine hakurudisha.

Mafuta ya shokapu hayabadili uzito unaohama, hubadili haraka yake ya kufika. Kwenye udongo mkavu wenye mashimo madogo, mafuta mazito yanafanya tairi liruke juu ya mashimo badala ya kuyafuata. Rudisha yale ya zamani. Namba kwenye chupa zisikudanganye pia: 30 ya mtengenezaji mmoja si lazima iwe 30 ya mwingine, tafuta kile kipimo cha cSt (kipimo halisi cha uzito wa mafuta) kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Na usiku wa baridi wa Iowa mafuta yanakuwa mazito yenyewe.

Difu iache kwa sasa, mradi haitelezi na haijakauka.

Lakini kidhibiti mwendo chako kina kitu cha kutazama: ile breki inayojishika yenyewe unapoachia triga. Kwenye gari linaloendeshwa na tairi za nyuma, breki hiyo inakamata nyuma tu. Uwanja ukiwa na unyevu hutaihisi, lakini ukikauka inaweza kuulegeza mkia wakati wa kuingia. Wewe shida yako wakati wa kuingia ni pua, kwa hiyo kidogo chake kinakusaidia, kwa sababu kinaleta uzito mbele. Kama umeizima kabisa, iwashe kwa kiwango cha chini kabisa. Kama tayari ipo, usiiongeze mpaka tumalize mengine.

Na kidole. Achia triga mapema kuliko unavyotaka, kama hatua mbili za mtu mzima kabla ya kona, ili uzito uje mbele kabla hujapinda. Pinda mara moja, subiri. Punguza mwisho wa usukani kwenye rimoti mpaka pale ambapo gari linakata kona kwa mwendo wa polepole bila ziada. Kwa njia hiyo, hata kidole kikitaka kuongeza, tairi haziwezi kupindwa kupita pembe ya kushika. Hili peke yake litakupunguzia kuzunguka kwa kiasi kikubwa, kwa sababu linakata ule mnyororo niliokueleza mwanzoni. Triga ibane taratibu wakati usukani unanyooka, vidole viwili vikifanya kazi kama mtu mmoja.

Jumamosi ijayo fanya hivi. Nyumbani rudisha vya zamani, kagua, shusha mshazari hadi 50, punguza mwisho wa usukani. Uwanjani usirekebishe chochote wakati wa mazoezi ya jioni, hata kama gari litaonekana jepesi nyuma kuliko ulivyozoea. Udongo ule wa jioni hautakuwepo kwenye fainali, na gari lako linatengenezwa kwa ajili ya fainali. Baada ya raundi ya pili, udongo ukianza kupauka, funga tairi za mbele zenye meno mafupi. Kama pua bado inagoma, springi ya mbele kulia, na mizani tena. Kitu kimoja kila mara ukitoka, ukiandika kwenye daftari saa, hali ya udongo na ulichogusa. Kama sasa ni mkia unaochomoka huku tairi za mbele zimenyooka, tumevuka mpaka; rudisha gramu 10 kwenye kila pembe ya mshazari, nusu ya tulichotoa.

Kisha niandikie. Nitumie uzito mpya wa pembe nne, vipenyo vya tairi zote, na picha ya tairi la mbele kulia baada ya fainali kabla hujalifuta.